Yule Binti Hasikii

Inspekta alipofika ukumbini, jukwaa lilikuwa limeshapigwa deki. Mbao zilikuwa bado mbichi, zinanuka sabuni, na mwanamke aliyeshika tambara alisimama pembeni kama anayengoja ahsante. Hakuipata. Inspekta alimwuliza ni nani aliyemruhusu kuosha damu kabla polisi hawajamaliza kazi, akajibiwa ni Mwalimu, maana wachezaji wangeteleza, na onyesho ni jioni hii hii, watu wameshanunua tiketi.

"Basi usiguse kingine," alisema, akavua koti, akaanza na kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa juu. Taa za jukwaa zilifungwa kwenye mabomba marefu ya chuma yaliyoning'inia gizani chini ya dari, na kila bomba lilipandishwa na kushushwa kwa kamba kutoka kwenye kibaraza chembamba kilichojengwa ukutani. Fundi hupanda huko kwa ngazi ya chuma. Kabla ya kuachia kamba hupiga kelele, "Linashuka," na aliye chini hukimbia. Asubuhi ile, katikati ya mazoezi ya mwisho, bomba la mbele liliteremshwa ili taa moja ibadilishwe, likamkuta mchezaji mkuu wa kundi la ngoma amesimama chini yake. Mfupa wa bega ulivunjika, kichwa kikashonwa nyuzi.

Kundini walimwita Unyoya, kwa jinsi alivyotua anaporuka. Inspekta alikuwa ametoka kumwona hospitali. Alimkuta na akili zake timamu, lakini hana maneno mengi. Alikuwa amesimama mahali pake, alisema, hakuna mtu aliyesema neno, kisha akajikuta chini. Maswali mengine Inspekta aliyauliza huku ameinama anaandika, na hayo hayakujibiwa kabisa. Aliyahesabu kuwa maumivu, akamwacha apumzike.

Kutoka hospitali alipitia kituoni kumwona fundi wa kamba, mtu wa makamo mwenye viganja vigumu, aliyekuwa amekaa sakafuni mahabusu bila mkanda wala kamba za viatu. Fundi aliapa kwamba alipiga kelele kama kawaida yake, akangoja, akaamini hakuna aliyebaki chini, akaachia kamba polepole. Lakini alikuwa na neno baya lililomtangulia. Wiki iliyopita, mbele ya kundi zima, alimwambia Unyoya kwamba ipo siku litamwangukia. Inspekta alipomwuliza kama ni kweli, hakukana.

"Nilisema. Nilikuwa nimechoka," alijibu. "Kila nikishusha bomba wenzake wanakimbia, yeye anabaki pale pale mpaka mtu amvute. Yule binti hasikii, afande. Nimemwambia mpaka mdomo umeniuma."

Kwa hiyo mmoja kati ya wawili alikuwa anadanganya, na mmoja wao, fundi, angefikishwa mahakamani kesho.

Inspekta alipanda ngazi mwenyewe. Kamba ilikuwa nzima, haikukatwa wala kulika. Breki ilishika vizuri alipoijaribu. Alimwomba fundi wa umeme wa ukumbi, aliyepanda naye, abaki kule juu, yeye akashuka na kusimama kwenye alama ya chaki alipokuwa Unyoya, ameupa ukumbi mgongo kama alivyoambiwa. Fundi wa umeme akapiga kelele. Neno lilishuka kutoka darini, likagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Hata mwanamke wa deki, aliyekuwa ameshafika kwenye korido, alichungulia kuona kuna nini.

Ikiwa fundi alipaza sauti, isingewezekana mtu aliyesimama hapa asisikie.

Aliwauliza wachezaji. Wengi walikuwa wamesikia kelele za fundi asubuhi, lakini fundi hupiga kelele kutwa, mabomba yanapanda na kushuka, nani angeapa kwamba ilikuwa ni saa ile? Na saa ile hawakuwepo. Mwalimu alikuwa amewapa mapumziko, wote wakatoka kwenda kunywa maji. Jukwaani alibaki Unyoya peke yake.

Mwalimu alikuwa mwanamke mkavu, mwenye shingo ndefu na kitambaa kilichofungwa kichwani bila hata mkunjo. Alikaa kwenye kiti cha safu ya mwisho akitazama wachezaji wakipitia hatua mpya, mmoja amepungua. Alimjibu Inspekta bila kuyaondoa macho jukwaani. Alieleza kwamba alitangaza mapumziko kwa maikrofoni kutoka hapo hapo alipokaa. Wengine walitawanyika. Unyoya alibaki katika mkao wa kuanzia, mikono juu, uso kwenye pazia la nyuma, kama anayengoja muziki.

"Hukumwita?"

"Nimwite mara ngapi? Nilimwacha amesimama kama sanamu, nikatoka nje na mimi. Siku hizi anajisikia sana, mama. Hali chakula na wenzake, hapokei simu, ukimsemesha koridoni anakupita. Mchezaji hodari, sikatai, ila amekuwa hasikii la mtu."

Inspekta aliandika, akasita, akaendelea kuandika.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa nyuma ya jukwaa, kirefu na chembamba, vioo upande mmoja, misumari ya kutundikia nguo upande mwingine. Kulinuka dawa ya kuchua na pasi ya moto. Msichana mmoja alikuwa anabandika plasta kwenye vidole vya miguu, mwingine amelala chali sakafuni miguu ikiwa ukutani, mwingine anacheza ngoma nzima kwa vidole viwili juu ya meza, midomo ikihesabu. Walizungumza kwa sauti za chini. Inspekta alipoingia walinyamaza, kisha mmoja akaendelea. Huyo ndiye Chiriku, mchezaji wa akiba, ambaye tangu asubuhi hakuwa wa akiba tena.

Chiriku alieleza mambo mengi bila kuulizwa: jinsi alivyoshtuka, jinsi asivyotaka kuipata nafasi kwa njia kama hii. Inspekta alimwacha aongee huku akimtazama kichwa. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari myembamba ya kurudi nyuma, sawasawa na za Unyoya kwenye bango la tangazo pale mlangoni. Kisha akatazama gauni jeupe la mchezaji mkuu lililotundikwa juu yake. Kiunoni lilikuwa limepunguzwa, na uzi ulikuwa mpya.

"Umesukwa lini?"

"Jana."

"Na gauni lilipunguzwa lini?"

Chiriku alitazama mlango. Vidole vya juu ya meza vilisimama.

Inspekta alimchukua hadi kwenye stoo ya mavazi, akafunga mlango. Pale, katikati ya masanduku na kofia za maonyesho ya zamani, alimweleza wazi kwamba mtu aliyejiandaa kushika nafasi ya mwenzake jana, na mwenzake akaumizwa leo, ana mengi ya kueleza. Msichana alianza kulia. Inspekta alimpa muda, hakumpa leso.

Alichosema Chiriku kilikuwa kigeni. Unyoya mwenyewe ndiye aliyemwambia asukwe. Yeye ndiye aliyemletea gauni, akamsimamisha juu ya kigoda na kumpima kiuno kwa pini. Alimwambia ajiandae, huenda kesho asiweze, na asimwambie mtu. Inspekta hakumwamini. Alitoka, akamtafuta mama wa cherehani aliyekuwa anashona vifungo kwenye kona ya korido, akamwuliza bila kumweleza habari. Mama wa cherehani alijibu vile vile, pamoja na kigoda na pini.

Inspekta alirudi stoo.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Alikuwa anaogopa mtu?"

Chiriku alifuta pua kwa mkono. "Alikosa raha tangu Mwalimu awaondoe wapiga ngoma. Sasa tunachezea muziki wa kompyuta, spika zimefungwa huko juu. Dada alimwomba Mwalimu awarudishe. Alimwomba sana, mbele yetu, mpaka tukaona aibu sisi. Mwalimu alikataa. Toka hapo alikuwa anakaa tu."

Mtu anaomba ngoma zirudi, akinyimwa anamwandaa mwingine ashike nafasi yake. Inspekta alimwambia Chiriku akanawe uso, lakini asitoke kwenye jengo.

Alibaki mtu mmoja wa kuulizwa. Wachezaji walimwita Twiga, kijana mrefu aliyecheza na Unyoya ngoma ya wawili na ambaye, kwa maneno ya kila mtu, hakuwa akisemeshana naye. Alimkuta mwisho wa korido ameshika dirisha, ananyoosha misuli ya paja. Aliongea kwa taabu. Zamani walikuwa kama ndugu, alisema, wanakula sahani moja, wanasindikizana. Kisha siku moja alimwona mbele yake getini, akamwita kwa jina lake la utani, akamwita tena. Hakugeuka. Twiga alijiambia kwamba mwenzake ameshakuwa staa, akaacha kumwita.

"Hukumwuliza kisa?"

"Nimwulize nini? Mtu akikuchoka utamwona."

"Na jukwaani?"

Twiga alishusha mguu. Jukwaani, alisema, mambo yalikuwa tofauti. Pale Unyoya hakumwacha kwa macho hata kidogo, alimtazama kifua anavyopumua. Na tangu waanze kuchezea muziki wa kompyuta alimwomba jambo dogo, kwamba wakati muziki unapoanza amminye kiunoni kwa kidole gumba.

"Alisema kwa nini?"

"Woga. Nilimminya, ni kazi. Lakini hatukuongea."

"Leo asubuhi ulimminya?"

"Sehemu ile anaanza peke yake, afande. Mimi ninaingia baadaye."

Kipaza sauti cha koridoni kilikohoa, sauti ya Mwalimu ikawaita wachezaji jukwaani. Milango ilifunguka, miguu mitupu ikapita mbio. Twiga aliondoka nao. Chiriku, aliyepita wa mwisho na macho mekundu, alisimama Inspekta alipomwuliza kama Unyoya naye alikuwa wa mwisho kuitikia wito.

"Dada? Hakuwahi kungoja kuitwa. Sisi tukiwa bado tunajipaka poda, yeye ameshaenda, amekaa gizani nyuma ya pazia. Unamkuta pale peke yake kila siku."

Chumba kilikuwa kitupu. Inspekta aliingia, akaenda kwenye meza ya Unyoya. Ilikuwa ya mwisho kabisa, kwenye kona ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu bomba la maji lilivuja. Meza nyingine zote zilitazama ukuta. Hii ilikuwa imesogezwa mshazari, na miguu yake ilikuwa imechora sakafu. Alikaa kwenye kiti. Ndani ya kioo aliuona mlango, na chumba kizima, na kila mtu ambaye angemjia kwa nyuma.

Kwa mbali spika za jukwaani zilianza kupiga. Aliweka kiganja kwenye sakafu, kisha akavua kiatu na kuweka unyayo. Mbao zilikuwa zimetulia, hazikutikisika. Muziki ulikuwa hewani tu.

Fundi alisema binti hasikii. Mwalimu alisema hasikii. Walikuwa wanamlalamikia jeuri, na Inspekta naye aliandika hivyo hivyo, jeuri. Hakuna hata mmoja kati yao, yeye mwenyewe akiwemo, aliyelichukua neno kama lilivyo.

Alivaa kiatu, akatafuta koti lake.

Wodi ilikuwa na vitanda vingi na wageni wengi, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kutazama wagonjwa. Kila kitanda kilikuwa na duara lake la ndugu, chupa za chai, watoto waliokalishwa miguuni pa mgonjwa. Kitanda cha Unyoya hakikuwa na mtu. Alilala amejiinua kwenye mito, bega limefungwa, uso kwenye dirisha. Inspekta alikuwa amefikiria njiani namna ya kuhakikisha. Angeweza kudondosha kitu nyuma yake, au kumwita aone kama ataitika. Hakufanya hivyo. Alizunguka, akasogeza kiti upande wa dirisha mpaka mwanga ukamwangukia mdomoni, akakaa.

"Unasikia kiasi gani?" aliuliza.

Unyoya aliutazama ule mdomo. Aliutazama hata baada ya kufungwa.

"Hili la kushoto limekufa," alisema mwishowe, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, hata mgeni wa kitanda cha pili akageuka. "La kulia ni kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Niliugua homa. Homa ikaisha, masikio hayakurudi."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Alieleza kidogo kidogo. Ngoma alizipokea kwa nyayo, mbao za jukwaa zilimpa kila pigo, na kwa wapiga ngoma wale asingekosea maisha yake yote. Alijifunza kusoma midomo. Ambaye hakumwona mdomo hakumjibu, na watu wakaanza kununa, naye akaona heri wamchukie kuliko wajue. Wakijua, alisema, watamhurumia kwa wiki moja, kisha watamkalisha na watazamaji. Kwa hiyo aliacha kula na wenzake, maana mezani watu huongea wote kwa pamoja. Aliacha simu. Aliacha hata kwenda kwa dada yake, kwa sababu dada yake huongea huku akipika, ameinamia sufuria. Muziki wa kompyuta ulipoletwa alijua mwisho umefika, akamwandaa Chiriku. Lakini asubuhi alitamani kujaribu mara moja, aone kama ataweza kuanza mwenyewe.

"Nilikuwa nangoja muziki," alisema. "Sikujua wameshatoka."

Inspekta akauliza alichokuja kuuliza.

"Fundi alipiga kelele?"

"Sijui."

"Asubuhi uliniambia hakuna aliyesema neno."

"Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia hujui."

Unyoya aligeuza uso. Inspekta alingoja. Hapakuwa na maana ya kuendelea kusema na kisogo. Alipogeuka tena, mashavu yalikuwa yamelowa, na mkono mzima ulikuwa umeshika shuka.

"Fundi yuko sakafuni mahabusu tangu asubuhi," Inspekta alisema taratibu, kila neno na nafasi yake. "Kesho atapelekwa mahakamani. Hakuna kinachompeleka huko ila neno lako."

"Nikisema, sitacheza tena."

"Huenda."

"Unaweza kuandika bila wao kujua?"

Angeweza kumdanganya, na shughuli ingeisha haraka. Alimwambia ukweli, kwamba maelezo yatasomwa na wakubwa wake na mtu yeyote mwenye haki ya kuyasoma, na kwamba ya asubuhi yatabaki ndani ya jalada pamoja na haya, hatayachana. Kilicho bora ni awaambie wenzake mwenyewe, kabla hawajaambiwa na watu wengine.

Unyoya alifumba macho. Kwenye kitanda cha pili walikuwa wanacheka kisa cha mtoto. Alipoyafumbua aliomba kalamu. Bega lililovunjika lilikuwa la kulia, kwa hiyo alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, vibaya, kama mtoto anayeanza shule, na akaomba radhi kwa mwandiko.

Kituoni, koplo wa zamu alimrudishia fundi mkanda wake na kamba za viatu. Inspekta alikaa naye kwenye benchi la mapokezi wakati anazipitisha kwenye matundu, akamweleza. Fundi aliacha kamba moja katikati. Alitazama ukuta wa mbele yake, uliokuwa na kalenda tu.

"Nilimtukana," alisema. "Nilimwita jeuri mbele ya watu."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa Mwalimu. Watu wameshakaa, alisema, taa zinatakiwa zishushwe sehemu ya pili na hakuna anayeziweza kamba, je, fundi ameachiwa? Nyuma ya sauti yake ukumbi ulikuwa unavuma kwa mazungumzo ya watazamaji. Inspekta aliziba simu kwa kiganja, akamweleza fundi anahitajika.

"Mwambie taa zikae zilipo," fundi alisema, akamaliza kufunga kiatu. "Wewe unarudi hospitali?"

Hakuwa anarudi. Kazi yake huko ilikuwa imekwisha, na nyumbani hakuna aliyemngoja. Lakini alisema ndiyo, akatoa funguo za gari.

Wodini wageni walikuwa wanaanza kuaga, wakikusanya chupa na watoto. Inspekta alibaki mlangoni. Fundi aliuona mgongo wa Unyoya, akainua mkono kubisha kwenye ubao wa mlango, kwa mazoea tu, kisha akaushusha. Alivua kofia. Alizunguka kitanda kwa mbali, akipita upande wa miguuni, akaenda kusimama dirishani ambako macho yangeweza kumfikia. Pale akangoja. Hakupunga mkono wala hakukohoa. Unyoya alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe juu ya shuka, na ilichukua muda mpaka akainua uso.

Alishtuka, akajaribu kukaa, bega likamzuia.

"Shikamoo, baba," alisema.

Fundi alilijibu neno lile kwa midomo mipana, polepole, ili lisipotee hata silabi.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, kwenye mwanga.